Mwongozo Kamili: Kupokea Taarifa za Akaunti kutoka Benki Kila Asubuhi kwa SFTP na PGP

Kampuni zinazoomba benki iwaletee taarifa za akaunti moja kwa moja hukwama sehemu zile zile. Ufunguo unakataliwa, seva ya benki haijibu, faili linafika nusu. Baya zaidi ni pale kila kitu kinapoonekana kwenda sawa kwa wiki kadhaa, kisha mhasibu anagundua kuwa malipo ya mteja yameingizwa mara mbili.

Mwongozo huu ni wa kampuni yenye akaunti ya biashara, mhasibu na fundi wa mifumo, inayotaka taarifa ya jana iwe ndani ya mfumo wa uhasibu kabla ofisi haijafunguliwa, bila mtu kuingia kwenye tovuti ya benki kupakua na bila kutumiana PDF kwa barua pepe. SFTP ni njia ya kuhamisha mafaili kupitia SSH, yaani unganisho salama kati ya kompyuta mbili. PGP ni njia ya kulifunga faili kwa ufunguo wa kidijitali na kulitia saini.

Kushusha faili ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kujiridhisha kuwa faili limetoka benki kweli, limefika zima na halijaingizwa tayari, na kwamba siku lisipofika kuna mtu ataambiwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa kompyuta

- Barua ya maombi yenye saini za watia saini wa akaunti, pamoja na azimio la bodi kama benki inalitaka. Omba huduma ya kupokea taarifa peke yake. Fomu nyingi huweka taarifa na malipo ukurasa mmoja, na mtu huweka tiki kote. Ukihitaji malipo baadaye, yaombe kwa mtumiaji mwingine na funguo nyingine, ili seva inayosoma taarifa isiweze kutoa hata shilingi.
- Seva ndogo ya Linux, yenye kumbukumbu ya GB 2 na diski ya GB 20. Kompyuta mpakato ya mhasibu haifai: huzimwa, hubebwa nyumbani, na watoto huichezea.
- Anwani ya IP ya kudumu. Benki huruhusu anwani zilizosajiliwa tu. Intaneti ya laini ya simu na vifurushi vingi vya nyumbani hubadilisha anwani bila taarifa. Omba anwani ya kudumu kwa maandishi kutoka kwa mtoa huduma wako, kisha ihakiki kwa kuandika `curl -4 ifconfig.me` kwenye seva kwa siku tatu mfululizo na baada ya kuzima na kuwasha ruta.
- OpenSSH, yenye amri za `ssh` na `sftp`, na GnuPG 2.2 au zaidi, yenye amri ya `gpg`. Zote ni za bure.
- Karatasi ya kiufundi ya benki: jina la seva, namba ya poti, jina la mtumiaji, majina ya folda, muundo wa faili, saa ambayo faili huwa tayari, alama ya ufunguo wa seva yao na ya ufunguo wao wa PGP (alama, au fingerprint, ni msururu mfupi wa herufi unaoutambulisha ufunguo). Visipokamilika, usianze.
- Watu wawili. Mmoja anashika funguo, mwingine anaidhinisha mabadiliko.

## Hatua ya 1: Kubalianeni nani anamfuata nani

Kuna njia mbili: wewe uende kuchukua faili kwenye seva ya benki, au benki ije kuliweka kwenye seva yako. Chagua ya kwanza kila inapowezekana. Kwa njia hiyo huhitaji kufungua poti yoyote kwa watu wa nje, na mlango usiokuwepo hauvunjwi.

Uliza pia muundo. Karibu kila benki ya biashara hutoa MT940, muundo wa zamani wa maandishi ya kawaida wa SWIFT, mtandao wa ujumbe kati ya benki. Nyingine hutoa camt.053, ambao ni XML (maandishi yenye lebo) ya ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa fedha. Ukipewa hiari, chukua camt.053, kwa sababu jina la mlipaji, namba ya ankara na kumbukumbu ya benki hukaa kila moja mahali pake, wakati kwenye MT940 mara nyingi hurundikwa pamoja kwenye mstari wa maelezo.

Usichanganye ndugu zao. MT942 na camt.052 ni taarifa za katikati ya siku, na miamala iliyomo huja tena kwenye taarifa ya mwisho wa siku. Ukiingiza zote mbili, umejitengenezea marudio mwenyewe.

Umefaulu ikiwa unayo barua pepe ya benki inayotaja muundo, folda na saa.

## Hatua ya 2: Tengeneza mtumiaji na folda

Fungua mtumiaji wa seva asiye na kazi nyingine, tuseme `taarifa`. Ndani yake weka folda nne: `pokea` ya mafaili yaliyofika, `wazi` ya yaliyofunguliwa, `imeingia` ya yaliyokwisha kuingizwa na `karantini` ya yenye shaka. Zifunge kwa `chmod 700`, ili mtumiaji huyo peke yake aweze kuzifungua.

Sababu ni kwamba faili lililofunguliwa lina majina ya wateja wako, kiasi walicholipa, na mara nyingi namba zao za simu. Hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Zikivuja kutoka kwenye seva yako, wa kujibu ni wewe. Benki ilishamaliza kazi yake.

## Hatua ya 3: Tengeneza ufunguo wa SSH

`ssh-keygen -t rsa -b 4096 -f ~/.ssh/benki_majaribio`

Ed25519 ni fupi na nzuri zaidi, lakini baadhi ya mifumo ya benki bado haiipokei. Uliza kwanza.

Utapata mafaili mawili. Lenye mwisho wa `.pub` ndilo la kutuma benki. Lile lisilo na mwisho huo halitoki kwenye seva, si kwa WhatsApp wala kwa flashi, hata afisa wa benki akiliomba. Akiliomba, kuna kasoro: ama hajui anachofanya, ama si afisa wa benki.

Makosa matatu hurudia sana hapa:

1. Ufunguo unabandikwa ndani ya barua pepe, nayo inaukata katika mistari miwili. Utume kama kiambatisho.
2. Benki inataka muundo wa SSH2, wewe umetuma wa OpenSSH. Ugeuze kwa `ssh-keygen -e -f ~/.ssh/benki_majaribio.pub`.
3. Ufunguo wa majaribio unatumika tena kwenye mazingira halisi, yaani seva ya benki yenye taarifa za kweli. Tengeneza mwingine.

## Hatua ya 4: Ihakiki seva ya benki kabla ya kuiamini

Mara ya kwanza unapounganisha, kompyuta hukuuliza kama unaitambua seva. Wengi huandika `yes` bila kusoma. Ukifanya hivyo, huna njia ya kujua kama umeunganishwa na benki au na mtu aliyekaa katikati.

Fanya hivi: andika `ssh-keyscan -p 22 JINA_LA_SEVA | ssh-keygen -lf -` ukiweka poti mliyopewa, usome alama inayoanza na `SHA256:`, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye karatasi ya benki. Isipokuwepo kwenye karatasi, piga simu kwa meneja wako wa akaunti kwa namba uliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyo kwenye barua pepe ya jana. Msomeane herufi kwa herufi. Zikilingana, ndipo uhifadhi ufunguo huo kwenye `known_hosts`, faili la seva unazoziamini.

Majibu mawili utakayokutana nayo:

Unganisho linasubiri hadi muda unakwisha. Hilo ni tatizo la anwani ya IP au ukuta wa ulinzi wa mtandao. Ufunguo hauhusiki hata kidogo. Waulize benki kama wanaona maombi kutoka anwani yako.

`no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`. OpenSSH kuanzia toleo la 8.8 la 2021 iliacha kukubali saini za SHA-1, njia ya zamani isiyo salama tena, na seva ya benki bado inazitumia. Waandikie wairekebishe. Ukilazimika kuendelea kwa muda, ruhusu `HostKeyAlgorithms +ssh-rsa` kwa seva hiyo moja ndani ya `~/.ssh/config`, kamwe usiiruhusu kwa mfumo mzima.

## Hatua ya 5: Badilishaneni funguo za PGP

SFTP hulinda faili likiwa njiani tu. PGP hulilinda hata likiwa limelala kwenye diski, na saini yake ndiyo ushahidi kuwa lilitoka benki.

Tengeneza ufunguo kwa `gpg --full-generate-key`, RSA biti 4096, muda wa miaka 2. Jina liwe la kampuni na barua pepe ya idara, maana mtu huondoka kazini na idara hubaki. Toa ufunguo wa umma, yaani ule wa kugawa, kwa `gpg --armor --export`, utume benki.

Pokea wa benki, uingize kwa `gpg --import`, kisha soma alama yake kwa `gpg --fingerprint`. Ni tarakimu na herufi 40. Zihakiki kwa simu kama ulivyofanya kwenye hatua ya 4.

Kwa kuwa skripti (faili la amri zinazojiendesha) itafanya kazi bila mtu wa kuandika nywila, weka nywila ya ufunguo kwenye faili lenye `chmod 600` na uliite kwa `--pinentry-mode loopback --passphrase-file`. Nakala ya ufunguo wa siri iwe kwenye flashi iliyofungwa ndani ya sefu. Diski ikifa bila nakala hiyo, mafaili yote ya zamani yaliyofungwa hayatafunguka tena.

## Hatua ya 6: Shusha faili bila kulidaka nusu

Andika amri za kushusha kwenye faili moja na uiendeshe hivi:

`sftp -b amri.txt -i ~/.ssh/benki_majaribio -o IdentitiesOnly=yes -o StrictHostKeyChecking=yes mtumiaji@JINA_LA_SEVA`

`IdentitiesOnly` huzuia kompyuta kujaribu funguo zako zote moja baada ya nyingine hadi benki ikufungie nje. `StrictHostKeyChecking=yes` hukataa seva yoyote isiyohakikiwa.

Faili la nusu hutokea pale unapolichukua wakati benki bado inaliandika. Benki nzuri huandika kwa jina la muda, kisha hulibadilisha likikamilika, au huweka kifaili kidogo cha kuashiria kuwa kazi imeisha. Yako isipofanya hivyo, orodhesha folda mara mbili ukiacha dakika moja katikati, na uchukue tu faili ambalo ukubwa wake haujabadilika.

Upande wako nao, shusha kwa jina lenye mwisho wa `.bado`, kisha ulibadilishe kwa `mv` likishafika lote. Hatua zinazofuata zisiguse chochote chenye `.bado`.

Usifute faili kwenye seva ya benki hadi hatua ya 9 ipite salama.

## Hatua ya 7: Fungua, na ukague saini kwa macho ya skripti

Hapa ndipo mifumo mingi iliyojengwa vizuri huacha tundu kubwa. Amri hii hufungua faili:

`gpg --batch --status-fd 1 --pinentry-mode loopback --passphrase-file ~/.siri --output wazi/FAILI.sta --decrypt pokea/FAILI.sta.pgp`

Tatizo ni kwamba `gpg` husema imefaulu hata kama faili halikusainiwa kabisa. Ufunguo wako wa umma si siri. Yeyote mwenye nao anaweza kutunga taarifa ya uongo, akaifunga kwa ufunguo huo, na ikafunguka vizuri kabisa kwako. Skripti inayoangalia tu kama amri imefaulu italikubali faili hilo, na bidhaa zitaondoka ghalani kwa malipo ambayo hayapo.

Kwa hiyo skripti isome mistari ya hali inayotolewa na `--status-fd 1` na idai vitu viwili: mstari wa `GOODSIG`, na mstari wa `VALIDSIG` wenye alama ya benki yenye herufi 40. Kwenye `VALIDSIG`, alama ya kwanza ni ya ufunguo mdogo uliosaini, na ya mwisho kabisa kwenye mstari ni ya ufunguo mkuu. Linganisha hiyo ya mwisho, la sivyo utakataa mafaili halali ya benki inayosaini kwa ufunguo mdogo.

Usitosheke na `VALIDSIG` peke yake. Hutokea hata ufunguo wa benki ukiwa umeisha muda au umebatilishwa.

Umefaulu ikiwa faili ulilolifunga mwenyewe bila saini linakwenda `karantini`. Fanya jaribio hili kweli. Lisipokwenda huko, usiendelee na hatua ya 8.

## Hatua ya 8: Hesabu kabla ya kuamini

Angalia taarifa fupi ya MT940 kwa karibu:

```
:20:STMT260303
:25:0150123456700
:28C:42/1
:60F:C260302TZS12400000,00
:61:2603030303C3150000,00NTRFINV1187
:86:MALIPO YA ANKARA 1187
:61:2603030303D980500,00NTRFPO0331
:86:MALIPO KWA MSAMBAZAJI
:62F:C260303TZS14569500,00
```

`:60F:` ni salio la kuanzia, `:61:` ni muamala, `:62F:` ni salio la mwisho. Sarafu na tarehe vimo ndani, na alama ya desimali ni mkato. Skripti inayosoma mkato kama kitenganishi cha maelfu itageuza milioni 3.15 kuwa milioni 315.

Hesabu: 12,400,000 + 3,150,000 − 980,500 = 14,569,500. Imelingana na `:62F:`. Kosa la hata senti moja lipeleke faili `karantini`.

Kisha kagua mnyororo. Salio la kuanzia la leo lazima liwe sawa na la mwisho la taarifa iliyotangulia, na namba ya taarifa iliyo kwenye `:28C:` ifuate. Ikiruka, kuna faili limepotea. Uliza benki kama namba huanza upya Januari na kama hutuma taarifa siku isiyo na muamala, maana majibu hutofautiana benki kwa benki.

Mitego ya kuangalia:

RC na RD. Kwenye `:61:`, RC ni kufutwa kwa pesa iliyoingia, yaani inatoka. RD ni kufutwa kwa pesa iliyotoka, yaani inarudi. Anayetafuta herufi C popote kwenye alama hiyo huandika hundi iliyorudishwa kama malipo mapya. Kwenye camt.053 mambo ni tofauti: `CdtDbtInd` tayari inaonyesha mwelekeo halisi, hata `RvslInd`, alama ya kufutwa kwa muamala, ikiwa kweli. Usiugeuze mara ya pili.

Herufi ya ziada. Baadhi ya benki huweka herufi ya tatu ya sarafu baada ya C au D, mfano `CS3150000,00` kwa TZS. Ni halali.

Kurasa nyingi. Siku yenye miamala mingi hukatwa vipande. `:60M:` na `:62M:` ni masalio ya katikati. Unganisha kwanza, ndipo uhesabu.

## Hatua ya 9: Ingiza mara moja tu

Weka jedwali lenye alama ya SHA-256 ya kila faili lililofunguliwa (msururu unaobadilika faili likibadilika hata herufi moja), namba ya akaunti, tarehe na namba ya taarifa. Kabla ya kuingiza, angalia humo. Ikiwa akaunti, tarehe na namba vimo tayari lakini alama ya faili ni tofauti, basi benki imetuma taarifa iliyorekebishwa. Mhasibu ndiye aamue, skripti isiamue.

Usitambue marudio kwa kiasi na tarehe. Wateja wawili wanaweza kulipa TZS 50,000 siku moja, na mmoja anaweza kulipa mara mbili kwa haki kabisa. Tumia kumbukumbu ya benki iliyo baada ya `//` ikiwepo, pamoja na nafasi ya muamala ndani ya taarifa.

Ingiza faili zima kwa pamoja au usiingize kabisa. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata irudi ilivyokuwa. Ikishakamilika, futa nakala ya `wazi` na uhamishie lile lililofungwa kwenye `imeingia`. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zikae angalau miaka 5, kwa hiyo funguo za zamani za PGP nazo zitunzwe kwa muda huo.

## Hatua ya 10: Ratiba na kengele

Cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba, haijui saa za Kiswahili. Saa 1 asubuhi ni `0 7`. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, hivyo kwa seva hizo andika `0 4`. Thibitisha kwa `timedatectl`. Kuandika `0 4` kwenye seva iliyokwisha kuwekwa saa za Afrika Mashariki huwafanya wengi waende kwenye folda ya benki saa 10 alfajiri, wakute tupu, na walaumu benki.

Panga majaribio matatu: saa 1:00, saa 1:30 na saa 2:15 asubuhi. Anza kila amri na `flock -n` ili skripti mbili zisipishane.

Kengele isitegemee seva ile ile. Mashine nyingine iangalie saa 3 asubuhi kama kuna alama ya kufaulu ya leo. Isipokuwepo, itume SMS kwa mhasibu na fundi. Ujumbe useme tu "taarifa ya leo haijaingia", bila salio wala namba ya akaunti.

Kuhusu sikukuu, usiziandike zote ndani ya skripti mwanzoni mwa mwaka. Idd hufuata mwezi kuandama, na tarehe uliyokisia inaweza kupishana kwa siku moja. Acha mhasibu aweze kunyamazisha kengele kwa siku moja, na jina lake liandikwe.

## Hatua ya 11: Hamia mazingira halisi, kisha zungusha funguo

Mazingira halisi huwa na seva nyingine, funguo nyingine na wakati mwingine poti nyingine. Rudia hatua ya 3 hadi ya 5 zote. Endesha mfumo sambamba na upakuaji wa mkono hadi mwezi mmoja ufungwe. Masalio yakilingana kila siku, ikiwemo siku ya mwisho wa mwezi yenye makato na riba, ondoa upakuaji wa mkono.

Andika kwenye kalenda siku 60 kabla ya ufunguo wowote kuisha muda, wako na wa benki. Tuma ufunguo mpya mapema, acha wa zamani ufanye kazi hadi faili la kwanza lifunguke kwa mpya.

Siku moja utaona `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`. Mkono utataka kufuta mstari wa `known_hosts` ili kazi iendelee. Usiufute. Acha taarifa ya siku hiyo ipakuliwe kwa mkono, piga simu benki kwa namba ya zamani, na ubadilishe ufunguo tu baada ya mtu wa pili kuweka saini kuwa alama mpya imehakikiwa. Utaratibu huo huo utumike kwa barua pepe yoyote inayosema benki imebadilisha ufunguo wa PGP, jina la seva au folda.